Nimemkemea mtoto wa watu uwanjani, mama yake hakunielewa. Mlioishi na familia za nje, hili mmelikuta?

Binti wa Ngamiani

Habari zenu wana jukwaa. Wakubwa shikamooni.

Nina jambo linanikera wiki ya tatu sasa, na huku hakuna wa kumweleza akanielewa bila mimi kuanza na historia ya ukoo. Nipo Leipzig, Ujerumani, nimekuja kama au pair. Kwa wasioujua mpango huu: unaishi na familia, unasaidia watoto na kazi ndogondogo zisizozidi saa 30 kwa wiki, wao wanakupa chumba, chakula na euro 280 za matumizi kwa mwezi, na wewe unasoma Kijerumani. Familia yangu ni watu wazuri, nalisema mapema kabla mtu hajanishauri nikimbie. Watoto wawili, wa kike ana miaka 7, wa kiume 4. Hapa nitawaita Mkubwa na Mdogo.

Basi. Mtaa wetu unaitwa Schleußig, una watoto kama siafu. Jumanne moja niko na Mdogo kwenye uwanja wa kuchezea, pale penye mchanga. Kila mtoto ana ndoo na koleo lake la plastiki, vimeandikwa jina kwa kalamu isiyofutika. Akina mama na akina baba wamekaa kwenye mabenchi, vikombe mkononi, hawaingilii kitu. Mara mtoto mmoja wa miaka sita hivi akachota mchanga akamrushia Mdogo usoni, kisha akamnyang'anya koleo. Mdogo akaangua kilio. Mkono wangu ukafika kabla ya kichwa: nikamshika yule mtoto kiwiko, nikamwambia acha, na umwombe mwenzio samahani. Kwa sauti ya kwetu Ngamiani, Tanga, mnaijua. Sikumpiga, sikumfinya, Mungu shahidi. Uwanja mzima ukanyamaza. Hata bembea nadhani ilisimama.

Mama yake akainuka. Nilitegemea moja kati ya mawili, ama amkaripie mwanawe na anishukuru, ama anitukane. Alinipita kama anavyopita nguzo, akachuchumaa mbele ya mwanawe, akamuuliza polepole kimetokea nini na anajisikiaje. Mwanawe! Aliyerusha mchanga! Wangu yuko pembeni macho mekundu. Alipomaliza akasimama, akaniambia: kukiwa na tatizo sema na mimi, usiseme na mtoto wangu, na usimguse. Akaniita "Sie", ile ya kumheshimu mtu usiyemjua, wakati pale mchangani wazazi wote wanaitana "du". Hapo ndipo paliponichoma. Sikujua kama mtu anaweza kukupiga kofi kwa heshima.

Jioni nikamsimulia mama mwenyeji wangu kabla hajasikia kwa mwingine. Akachemsha chai ya majani (huku kila shida ina chai yake), akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema sauti si neno, ila mkono hapana. Kisha akamwita Mdogo, akamuuliza: pale ulitaka usaidiwe? Mdogo akafikiri, akasema hapana, maana yeye ndiye aliyeanza kurusha.

Nilitamani ule mchanga unifunike.

Sasa niwaambie kwa nini halitoki kichwani. Nikiwa na miaka minane nilitoroka chuoni na wenzangu wawili tukaenda kuogelea Raskazone. Maalim yuko Ngamiani anafundisha, sisi tuko baharini. Muuza kahawa mmoja, mtu mzima, simjui hanijui, akatuona. Akaweka birika lake chini, akatuita, akaniuliza mimi "wewe wa nani?" Nikamtaja bibi. Akanishika sikio, na kwa mguu, birika mkono mmoja, sikio langu mkono wa pili, mpaka barabara ya 14. Bibi alimkaribisha barazani, akampa maji, akamshukuru sana. Yule mzee alipoondoka ndipo na mimi nikapewa changu. Hakuna mtu katika hadithi ile aliyemuuliza yule mzee kwa nini amegusa mtoto wa watu. Swali hilo lingeonekana la kiwendawazimu. Na sitaki kudanganya, sikio liliuma, na bado nikimkumbuka namkumbuka kwa wema.

Kuna mengine madogo, yale niliyazoea. Kwamba saa moja usiku watoto wamelala, kila mmoja chumbani kwake, taa imezimwa, baada ya katuni ya yule mzee wa kuleta usingizi kwa mchanga, ambayo mama mwenyeji naye aliiangalia utotoni na mama yake pia, imeanza 1959. Kwamba chakula cha usiku ni mkate na jibini, hakuna chungu kinachokaa jikoni. Kwamba wananiita jina langu kavu. Nilijaribu kuwafundisha "dada", Mdogo akaamua hilo ni jina langu la ukoo, akaenda kumwambia mwalimu wake wa chekechea. Sasa kule naitwa Bi Dada.

Ila hili la Mkubwa bado nalitafuna. Mtoto huyu anakata matango kwa kisu kikali, hakuna anayeshtuka. Anaenda na baiskeli mvua inanyesha, kavaa suruali ya mpira, mama yake anasema hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Siku moja mikono yangu imejaa, nikamwambia tunapovuka mshike mdogo wako. Akanijibu "hiyo ni kazi yako." Si kwa jeuri, jamani, nilimtazama usoni. Alikuwa ananikumbusha tu, kama mtu anavyokukumbusha umesahau mwavuli. Mimi katika umri huo nilishambeba mdogo wangu mgongoni kwa kanga mpaka kiuno kikapinda, na sikumbuki kama kuna aliyeniuliza kazi ile ni ya nani.

Haya. Wiki iliyopita, asubuhi nawapeleka. Taa ya waenda kwa miguu nyekundu, yule mtu mwenye kofia aliyechorwa ndani ya taa kasimama. Gari hakuna kushoto, hakuna kulia, baridi inang'ata. Nikawashika mikono, tukavuka. Bibi mmoja na kikapu chake cha magurudumu akanifokea kutoka ng'ambo: "Na watoto je?!" Akaendelea mpaka tukapita pembe ya barabara. Mbele ya watoto! Mimi, mtu mzima!

Ndiyo maana nauliza. Wiki moja naambiwa usimkemee mtoto usiyemjua, wiki nyingine ninakemewa na mtu asiyenijua. Hawa watu wana utaratibu gani hasa? Na nyie mlioishi na familia za watu nje, mlipotazama utoto wao mliona nini kuhusu wa kwenu? Yule mama wa uwanjani nitakutana naye tena, uwanja wenyewe ni mmoja. Nimwombe radhi au ninyamaze?

---

Dereva wa Tramu

Dada, pole na hongera kwa pamoja. Umejifunza kwa wiki tatu kilichonichukua miaka minne. Mimi naendesha tramu mji wa Halle, hapo jirani yako, miaka 11 sasa, na watoto ndio abiria wangu wakuu asubuhi.

Ukitembea hapo mtaani tazama ua wa jengo lolote linalojengwa. Utaona kibao cha njano: "Eltern haften für ihre Kinder." Wazazi wanawajibika kwa watoto wao. Kibao hicho kipo nchi nzima, watu wamekua nacho. Kisheria kinatia chumvi, maana mzazi halipi kila anachoharibu mtoto. Analipa akionekana hakumwangalia inavyostahili, na mtoto chini ya miaka 7 mwenyewe hadaiwi chochote. Kwenye ajali ya gari umri unapanda mpaka 10. Sasa kaa na kibao hicho kichwani halafu rudi uwanjani kwako. Mtoto wa yule mama karusha mchanga. Wa kuulizwa ni nani? Mama. Wewe ukamruka mama ukaenda kwa mtoto. Kwake umefanya kama mtu anayegombana na mfanyakazi wa duka wakati mwenye duka kakaa hapo pembeni anakunywa kahawa.

Na taa nyekundu ni vilevile. Kwenye vivuko vingine huku wamebandika kabisa maandishi: vuka kwenye kijani tu, uwe mfano kwa watoto. Faini yake ni euro 5, hela ya mkate na kahawa, hakuna anayeiogopa. Usiku wa manane wanavuka nyekundu kama sisi tu. Lakini mtoto akiwepo, mtu mzima yeyote anageuka trafiki. Yule bibi hakuwa na shida na wewe. Alikuwa anawalea hao wawili, kupitia kwako.

La mkono ulishaambiwa, nakazia tu. Tangu mwaka 2000 sheria ya huku inasema mtoto ana haki ya kulelewa bila kupigwa, hata na mzazi wake. Sweden walitangulia tangu 1979. Kwa hiyo mgeni akimshika mtoto kiwiko, hata kwa nia njema, mzazi roho inapaa. Hakuna atakayekuitia polisi kwa kiwiko, tulia, ila usirudie.

Nisikupe picha nzuri kupita kiasi. Wazee wa huku wanawafokea watoto wa watu pia, hasa mpira ukigonga ukuta Jumapili. Kelele za chekechea zilipelekwa mahakamani mpaka ikabidi mwaka 2011 waandike kwenye sheria kwamba kelele za watoto zisihesabiwe kama uchafuzi. Taifa zima likakaa kuamua kama mtoto kucheka ni sawa na kiwanda!

Mwombe radhi. Sema "kumshika mkono nilikosea", basi. Usiongeze hadithi.

---

Kobe Mzee

Wanawadekeza. Mtoto karusha mchanga anaulizwa anajisikiaje, kesho atarusha mawe. Samaki mkunje angali mbichi. Wewe binti hukukosea kitu, na wala usiombe radhi, utawazoesha.

---

Mama Pacha wa Bremen

Mzee Kobe, samaki mwenyewe si wake, ndiyo mjadala ulipo.

Binti, mimi nimezaa huku, wangu wana miaka 15. Ngoja nikwambie habari ya kofia. Walipokuwa wachanga nilitoka nao siku ya mwezi wa nne, jua zuri, nikawavua kofia. Kwenye tramu mwanamke wa kwanza: "Kofia iko wapi?" Nikasema ipo kwenye mkoba. Kituo cha pili, mwingine: masikio yao yatapata baridi. Dukani, wa tatu, huyu hakusema, aliwatazama watoto halafu akanitazama mimi kama anayesoma mashtaka. Nilirudi nyumbani nalia. Nilidhani ni rangi yangu. Pengine mmoja wao ilikuwa hivyo kweli, sitamtetea. Lakini kwenye kliniki ya mama na mtoto nikawakuta Wajerumani wenzao wanalalamikia kofia hizohizo.

Nilivyokuja kuona ni kwamba huku kijiji kipo. Mnaosema wazungu hawana kijiji hamjawahi kusukuma kigari cha mtoto asiye na kofia. Ila kijiji chao kinamlea mama. Mtoto hakimgusi wala hakisemi naye, hata kumsalimia kinamsalimia kwa kuniangalia mimi. Kwetu mtoto anapewa lake palepale na yeyote, na mama yake anaachwa na heshima yake, atasimuliwa jioni kwa adabu, tena kwa kuanza na kumsifia mtoto. Yule muuza kahawa wako, bibi yako alipewa lawama hata moja? Hata "mbona humwangalii mjukuu wako" hakuambiwa. Sikio ndilo lililolipa, la bibi lilibaki salama.

Sijui nichague lipi. Nikiwa nimechoka nataka la kwetu. Nikiwakumbuka baadhi ya walionishika sikio, wengine hawakuishia sikio, nataka la huku. Hilo tusilifiche kwenye utamu wa kumbukumbu.

Tulienda Muheza wakiwa na miaka minane. Siku ya pili Kulwa anarudi kutoka dukani machozi yanamtoka: mwenye duka kamgombeza kwa kuingia bila kusalimia. "Mama, yule ni nani?" Nikasema ni mwenye duka. "Ni ndugu yetu?" Hapana. "Ni mwalimu?" Hapana. Akakaa kimya, akaniuliza tena yule ni nani, kama vile nimemficha kitu. Sikuwa na jibu. Wiki ya tatu walikuwa wanakula nyumba tatu kwa siku na kuniona mimi ni kwa bahati.

Hilo la "ni kazi yako" lilinichekesha. Mkubwa wako yuko sahihi, kwa kweli. Umeajiriwa kuwashika mkono. Wangu niliwalazimisha kuangaliana na wenzangu wa huku waliona nawaonea, eti nawapa uzazi kabla ya umri. Nikawaambia mimi nilipewa nikiwa na sita. Mmoja akanijibu, "na ulipenda?" Nilikasirika siku nzima, kwa sababu jibu ni hapana.

---

Mwalimu wa Milimani

Binti wa Ngamiani, marahaba. Mimi ni mwalimu mstaafu, Lushoto. Sijawahi kuishi nje ila nje ilikuja kuishi kwangu. Mwaka 2014 tulimpokea kijana wa Kijerumani wa miaka 19, wale wa kujitolea wanaoletwa na mpango wa serikali yao ulioanza 2008. Alikaa kwetu mwaka mmoja. Kijana safi, alikuwa anafua mwenyewe, na ugali alijifunza kuumega kabla ya kujua kusema "ugali".

Wiki ya kwanza alimkuta mjukuu wangu, miaka sita, anafyeka majani ya ng'ombe kwa panga dogo, na mtoto wa jirani kambeba mgongoni. Kijana akashtuka. Akakimbia, akamnyang'anya panga. Mjukuu akasimama pale, mikono mitupu, hajui kosa lake. Bibi yake akatoka jikoni akamuuliza mgeni, "Umeshamalizia wewe hayo majani?" Kwa Kisambaa. Kijana hakuelewa, ila panga alilirudisha.

Jioni, nadhani alilifikiria, akaja uani, akapiga goti mbele ya mtoto, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kitabu: "Samahani, nilikosea. Panga ni lako." Nilikuwa nimekaa pale pale. Nimefundisha darasa la kwanza miaka 26 na sikuwahi kuliona jambo hilo. Mjukuu alimtazama, akaondoka mbio mpaka kwa bibi yake, akalia: "Mzungu ameniomba samahani, nimefanya nini?"

Alidhani ndiyo adhabu mpya.

Tulicheka sana usiku ule. Mimi nilicheka kidogo kuliko wengine. Nilijaribu kukumbuka ni mtoto gani niliyewahi kumwomba samahani, katika wale wote niliowafundisha, na wapo niliowachapa kwa kosa la mwingine. Nilijua kabisa. Mtu anajua.

Nikwambie na upande wake. Baada ya miezi alikuwa anaongozana na watoto kwenda kuchota maji, na wao wakamfanya wa kwao. Siku moja katoto ka jirani kalikuwa kanampiga jiwe mbuzi, kijana akakaita, "Wewe wa nani?" Sauti yangu kabisa, na kidole changu. Katoto kakaacha. Kijana akaja kunisimulia uso umemwiva kwa furaha, kama aliyefaulu mtihani. Sijui alipofika kwao alikifanyia nini kile kidole. Nadhani mama mmoja huko alisimama kutoka kwenye benchi.

Kuhusu huyo mama wako, nenda kamsalimie tu kwanza. Salamu haidaiwi na sheria ya nchi yoyote.

---

Kobe Mzee

Mwalimu umenimaliza na hilo la adhabu mpya. Lakini msimamo wangu uko palepale.

---

Binti wa Ngamiani

Asanteni wote. Mwalimu, shikamoo tena, nimeisoma ile ya "nimefanya nini" nikiwa darasani kwenye kozi ya Kijerumani, nikacheka mpaka mwalimu akaniuliza kama kuna la kuchangia. Mama Pacha, la bibi kubaki na heshima yake sikuwahi kuliona hivyo. Nilimpigia simu mama jana nikamuuliza, akasema ni kweli, yule mzee alianza kwa kusema "huyu mtoto wenu ana akili sana". Mimi nilikumbuka sikio tu.

Niwape yaliyotokea. Alhamisi nilimkuta yule mama, benchi lilelile. Nilimsalimia, nikasema sentensi niliyoifanyia mazoezi bafuni: kumshika mkono mwanao nilikosea. Akashangaa kidogo. Akasema yeye naye ilibidi aje kwangu kuuliza macho ya Mdogo yako vipi, hilo hakulifanya, na limemsumbua. Kisha kimya. Tukawa tunawatazama watoto. Hatukuwa marafiki, msitegemee mengi, ila alipoondoka aliniaga kwa "tschüss", na ile "Sie" sikuisikia tena.

Wale wawili wenyewe hata hawakumbuki. Walikuwa wanachimba shimo moja.

La mwisho halafu niende kulala. Jana tunarudi na Mdogo kutoka chekechea, tumesimama kwenye taa. Nyekundu. Siku hizi nasimama hata kama barabara ni tupu mpaka upeo wa macho. Mzee mmoja mwenye fimbo, umri wa kuwa babu yangu, akatazama huku na huku, akashuka barabarani. Mdogo akavuta pumzi, akapiga kelele kwa nguvu zake zote: "Nyekunduuu!"

Mwili wangu wote ulipata moto. Mtoto wa miaka minne anamfokea mzee wa watu! Mkono wangu ulishaanza safari ya kwenda kumziba mdomo. Nikaurudisha mfukoni kwa shida, acheni tu.

Mzee akasimama. Akageuka, akatutazama, akarudi hatua mbili kinyumenyume mpaka kwenye ukingo, karibu yetu. Akainua kofia yake kidogo, akamwambia Mdogo, si mimi: "Uko sahihi. Samahani."

Mdogo akaitikia kwa kichwa, kama hakimu. Tukasimama watatu, kimya, gari hakuna, mpaka yule mtu wa kofia akawa kijani.